Mradi wa mteremko na chanjo, kartie (mtaa) yetu Ndosho, Goma, Kongo: tumefika wapi

Sima (saruji) imekauka, mbao zimetoka, na sasa watu wanapita. Mteremko wa kituo cha afya, njia ya kupandisha magurudumu pasipo ngazi, uko tayari jamani, asante kwa wote waliobeba mawe ile jumamosi, ilikuwa salongo ya kweli, kazi ya pamoja ya kartie.

Kwa wale wapya: kazi yangu ni kuchomelea vyuma. Milango, madirisha, na baiskeli za magurudumu matatu za wenzetu wenye ulemavu, zile za kuzungusha kwa mikono, zikipasuka fremu kwenye haya mawe ya volkano wananiletea mimi. Mama mmoja mteja wangu, polio ilimshika miguu akiwa mdogo, alikuja na baiskeli yake na katika kuongea akaniambia mtoto alipata chanjo ya wiki 6 lakini ile ya wiki 10 hakwenda. Si kwamba hataki, anataka kuliko sisi wote, polio anaijua kwa mwili wake. Ila pale mlangoni kuna ngazi tatu, baiskeli inabaki chini, yeye anapanda kwa mikono na magoti, mtoto mgongoni, matope, na mstari mzima wa watu wanamwangalia. Akasema, "Papa, mara ya kwanza niliweza. Mara ya pili nilikosa nguvu ya kuangaliwa." Na chanjo ya watoto wadogo si safari moja, kuna ya kuzaliwa, wiki 6, wiki 10, wiki 14, halafu ya surua kwenye miezi 9. Kila safari ni ngazi zile zile. Chanjo yenyewe ni bure, iko ndani ya frigo, imetoka mbali sana mpaka kufika Ndosho, halafu inashindwa kumfikia mtoto kwa sababu ya ngazi tatu! Hiyo ndiyo iliniuma mpaka nikaanza.

Sasa hesabu, juu wengi mliuliza. Kanuni ni hii, kila sentimita 1 ya kupanda unaipa sentimita 12 za kwenda mbele. Ngazi zetu ni sentimita 18 kila moja, jumla 54, zidisha mara 12 unapata karibu mita 6 na nusu. Mbele ya mlango tuko na mita 4 tu kisha ukuta wa jirani. Kuna waliosema weka mbao mbili mambo yaishe, hapana, kwenye mbao mbili mtu hapandi peke yake, lazima asukumwe, na siku ya mvua akishuka anaenda na uso. Kwa hiyo tulipiga kona. Kipande cha kwanza mita 2 na nusu, halafu sehemu tambarare ya mita 1 na nusu ya kupumzika na kugeuza, halafu kipande cha pili mita 4 kando ya baraza mpaka juu. Ndani tulijaza mawe ya volkano, juu sima, na kabla haijakauka tukapitisha fagio ngumu ili ibaki na mikwaruzo, matairi yashike. Pembeni kuna kingo ya sentimita 10 ili gurudumu lisitoke nje. Makuta (pesa) ya sima ni mchango wa wateja na majirani, chuma cha mkono wa kushikilia nilitoa mimi.

Mlango ni sentimita 72, baiskeli haiingii, na kuvunja ukuta hatuna uwezo kwa sasa. Muganga mkubwa wa kituo akasema basi siku ya chanjo meza itoke barazani, lile sanduku la baridi likae kivulini, kila kitu kifanyike pale nje. Imekubalika, na hata mama wenye mimba na wazee wamefurahi.

Lakini kitu nilichojifunza zaidi si cha sima. Mteremko ulipokuwa bado, tulimpeleka mtoto mmoja asiyeona kwa ajili ya surua, tukamsaidia kupanda, na akarudishwa nyumbani bila chanjo. Nilikasirika sana. Muganga akanieleza taratibu: chupa ya surua ni unga, dozi 10, ukishaichanganya na maji yake inadumu masaa 6 tu, yakipita unatupa. Anaogopa kufungua kwa mtoto mmoja halafu 9 zimwagike. Hofu yake naielewa, ila uzito wa hofu hiyo anaubeba mtoto ambaye kuja kwake ni shida, na mama yake hatarudi kesho. Ile ya wiki 6, 10 na 14, ya sindano, ni ya maji, ikiwa kwenye baridi ya digrii 2 mpaka 8 inaweza kukaa baada ya kufunguliwa mpaka siku 28, kwa hiyo hiyo haina sababu ya kumrudisha mtu. Tukapatana hivi, ma-reko, wale wahamasishaji wa afya wa kujitolea wa kartie, wanaandika majina ya watoto wenye ulemavu na watoto wa wazazi wenye ulemavu avenyi kwa avenyi (barabara kwa barabara), tunawaleta siku moja ya surua, na huyo aliyetoka mbali hata akibaki peke yake chupa inafunguliwa. Kwangu hilo neno la mwisho ni kubwa kuliko mteremko.

Kuna pia habari ya kujua kwamba kuna chanjo. Reko anapita na megafoni, jirani yangu kiziwi hasikii kitu, anaona tu watu wanatembea na watoto. Sasa viziwi wanatumiwa meseji yenye picha ya sindano na tarehe, wasioona wanatumiwa sauti kwenye WhatsApp juu kadi haiwaambii randevu, yaani tarehe ya kurudi. Na kwenye mstari hakuna tena kuita majina, kila mtu anapewa kibao chenye namba na muganga anainua namba juu.

Waliobaki ni wale wasioweza kutoka kabisa. Hapa nimeambiwa mara nyingi kwamba kuwachanja nyumbani haiwezekani, baridi itapotea. Ndugu zangu, 2019 Ebola ilipofika Goma, chanjo yake ilikuwa inahifadhiwa kwenye baridi ya digrii 60 mpaka 80 chini ya sufuri, na timu ziliwafuata watu mpaka kwenye kartie zao. Hii yetu inataka sanduku na vipande vya barafu tu. Na mpox (homa ya nyani), chanjo ilianza hapa Goma tarehe 5 oktoba 2024, dozi mbili, katikati siku 28, yaani mtu mzima asiyetembea anatafutiwa moto (pikipiki) mara mbili na kulipa mara mbili. Sheria ya tarehe 3 mei 2022 ya kulinda haki za watu wanaoishi na ulemavu iko, niliprinti nikaipeleka kituoni, muganga ameibandika ukutani. Amekubali kutoka na sanduku asubuhi moja kila mwezi, mimi natafuta moto.

Kinachofuata ni choo, mlango wake ni mwembamba na kuna ngazi tena. Pia kituo kingine upande wa Mugunga wameomba vipimo, nitaenda na mita. Mwenye sima iliyobaki au bomba la chuma la inchi moja na nusu aniandikie, nakuja kuchukua mwenyewe na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo.