Msokoto Mmoja na Wiki Saba za Gereza

Mwaka jana kijana wa jirani yangu hapa Katuba, Lubumbashi, alikamatwa akiwa na msokoto mmoja wa bangi mfukoni. Kwa wiki saba mama yake aliacha meza yake ya mikate, kwa kuwa kila asubuhi ilimbidi apeleke bukari (ugali) gerezani. Kijana alitoka amekonda na ana kikohozi, na fundi aliyekuwa akimfundisha kuchomelea vyuma alikuwa ameshapata mwanafunzi mwingine. Madhara hayo yote yalitokana na adhabu, wala si na moshi aliouvuta.

Sisemi kwamba bangi ni kitu chema, hasa kwa vijana ambao ubongo wao bado unakua. Wazee kutoka Kasai, ambako huitwa diamba, hukumbuka kwamba katika karne ya 19 Bena Diamba, yaani "watu wa diamba" wa huko, waliivuta pamoja kama alama ya amani, lakini sijengi hoja yangu juu ya hilo. Ninachodai ni kwamba mtu mwenye kiasi kidogo cha matumizi yake mwenyewe atozwe faini, arudi nyumbani, na muuzaji aendelee kushtakiwa.

Jimbo la Oregon nchini Marekani lilifanya hivyo mwaka 1973: aliyekutwa na bangi isiyozidi gramu 28 hivi alitozwa faini isiyopita dola 100, na kufikia mwaka 1978 majimbo 11 yalikuwa yamelegeza sheria zao kwa namna hiyo, ingawa sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 iliiweka bangi katika daraja kali kuliko yote. Majimbo ya Colorado na Washington yalikwenda mbali zaidi mwaka 2012, yakaihalalisha bangi kwa watu wazima, kwa kura ya wananchi. Vermont, mwaka 2018, ilipitia bungeni: wabunge walipanga wenyewe kiasi cha kumiliki na umri wa miaka 21, kisha Gavana Phil Scott akatia sahihi. Njia hii ya bunge ndiyo ninayoipenda, kwa sababu kura huuliza ndiyo au hapana tu, ilhali kamati ya bunge inaweza kumwita daktari, polisi na mama wa mfungwa, ikapima gramu na faini kabla ya kuandika kifungu.

Marafiki huniambia basi twende kwenye Bunge la Jimbo la Haut-Katanga. Hapo ndipo tunapotofautiana na Wamarekani, maana Ibara ya 202 ya Katiba yetu ya mwaka 2006 imeiachia serikali kuu kanuni ya adhabu, na bunge la jimbo haliwezi kuigusa. Mlango wetu uko Kinshasa. Ibara ya 130 inamruhusu kila mbunge na kila seneta kuleta pendekezo la sheria, na Ibara ya 27 inampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka ombi, peke yake au pamoja na wenzake, nayo mamlaka lazima ijibu ndani ya miezi mitatu.

Rasimu ya ombi hilo iko tayari. Nimeomba faini ilipwe benki, kwa risiti, isipite mkononi mwa anayekamata. Jumapili baada ya ibada nitaipeleka kwa majirani, na mama wa yule kijana ameomba sahihi yake iwe ya kwanza.