Nzoka Tumboni

Nilikuwa kidato cha tatu. Likizo ilipofika, shangazi akanichukua nimsaidie katika duka lake la dawa kule Changamwe, kando ya barabara ya malori yanayotoka bandarini. Yeye akihudumia wagonjwa, mimi naandika daftari la mauzo.

Jioni moja akaingia dereva Mnyarwanda, lori lake limeshapakiwa mzigo wa Kigali. Uso ulikuwa umemsawijika.

"Mama, nisaidie. Nina nzoka tumboni."

Mama mmoja aliyekuwa akingoja dawa ya kikohozi akamvuta mwanawe karibu. "Audhubillahi," akanong'ona. Pwani mtu akisema ana nyoka tumboni, wengi hudhani karogwa. Hata mimi nilirudi nyuma.

Shangazi hakushtuka. "Kaa kitako, baba. Zimekuanza lini? Watapika? Choo kina damu?" Akamuuliza mpaka akaridhika, kisha akampa kidonge kimoja cha albendazoli, miligramu 400, akakitafuna pale pale. Akamsisitizia achemshe maji ya kunywa na aoshe mikono kabla ya kula huko njiani.

Dereva alipotoka, shangazi akamgeukia yule mama. "Minyoo tu, dada. Kwao nyoka na minyoo ni inzoka, jina moja."

Nje ya duka, kwenye benchi, alikuwapo mwalimu mstaafu wa Kiswahili aliyekuja kuchukua vidonge vyake vya presha. Alikuwa amesikia yote. Nilimwamkia, nikamuuliza kama nzoka ile ndiyo nyoka yetu, na mzee akasahau kabisa kwamba magharibi yaingia.

"Ndiyo hiyo hiyo. Mkamba asema nzoka, Mkikuyu njoka, Mchewa njoka, Mzulu inyoka. Wanaisimu wakizilinganisha lugha hizi hufika kwenye mzizi mmoja wa kale, -joka. Kila kabila lilikwenda nao lilikokwenda."

Nikasema shuleni tuliambiwa nyoka ametokana na kunyooka, kwa kuwa mwili wake hunyooka. Akatikisa kichwa kwa nguvu.

"Nyumba ikiwa kubwa twaiitaje?"

"Jumba."

"Na nyoka akiwa mkubwa?"

"Joka."

"Basi. Ile ny imeondoka, kwa sababu ni ya ngeli, si ya mzizi. Sasa niondolee ny ya kunyooka tuone kutabaki nini."

Nilijaribu kimoyomoyo nikashindwa. Mpaka leo sijasikia hoja fupi iliyonikaa kama ile, na kila nikikutana na mtu anayeng'ang'ania kunyooka, humpa jumba na joka.

Shangazi naye akatoka kuja kusikiliza. Akasema madereva wa Uganda ni afadhali: nyoka wa porini wao humwita omusota, wakisema enjoka ujue wanazungumzia minyoo. Mwalimu alifurahi mno kusikia hivyo. Hilo, alisema, ndilo jambo alilokuwa akiwaambia wanafunzi miaka yote, kwamba neno moja laweza kuhama porini likabaki tumboni.

Usiku ule, kabla hatujafunga duka, shangazi aliniamuru nifungue ukurasa wa mwisho wa daftari. Niliandika kwa herufi kubwa, kwa ajili ya yeyote atakayekaa pale siku ambayo yeye hayupo: "Mnyarwanda akisema INZOKA, Mganda akisema ENJOKA, usikimbie. Muulize kwanza tumbo lake."