Meza ya Wawili na Mtu wa Tatu Mwenye Kamera

Picha ilikuwa bado na uvuguvugu wa mashine ilipoletwa mezani kwetu, ndani ya jalada la karatasi ngumu lenye jina la bustani kwa herufi za dhahabu. Kijana aliyeileta hakuilaza. Aliisimamisha kwa kuiegemeza kwenye kichupa cha chumvi, ikabaki inatukodolea macho huku sisi tunakula. Dakika 20 kabla ya hapo mume wangu alikuwa katikati ya sentensi ambayo, kwa jinsi ninavyomfahamu, alikuwa ameipanga tangu asubuhi, na ndipo sauti changamfu ilipotokea nyuma ya bega langu ikitutaka tusogeleane kidogo. Tulisogeleana. Flashi iliwaka. Sentensi haikurudi.

Ulikuwa usiku wa kuadhimisha miaka kumi ya ndoa yetu, katika bustani ya burudani ambayo sioni sababu ya kuitaja. Picha yenyewe haikuwa mbaya sana: mimi shavu moja limejaa, yeye anatabasamu kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Tuliinunua kwa shingo upande. Ilibainika baadaye, tukiwa njiani kurudi hotelini, kwamba mimi nilikubali kwa kudhani yeye anaitaka, naye alitoa pochi kwa kudhani mimi nitasikitika tukiikataa. Jalada lilikuwa kubwa kuliko mkoba wangu, kwa hiyo nililishika mkononi jioni nzima, na tulipofika chumbani pembe zake mbili zilikuwa zimekunjika.

Nimesikia watu wengi wakiwazungumzia wapiga picha wa namna hii kana kwamba ni vibaka. Mimi sioni hivyo. Yule kijana alikuwa kazini, alikuwa na adabu, na alifanya kile ambacho watu wawili wasio na msimamo walimruhusu akifanye. Kosa lilikuwa letu, na lilianza kabla hatujaketi: tulipanga nguo, tulipanga saa, tulipanga hata nani aketi akitazama upande gani, lakini suala la picha hatukulipatana.

Wapo wanaoshangaa kwamba mtu aende kula chakula cha jioni na mpenzi wake mahali penye vilio vya watoto na treni za michezo zinazoporomoka kwa kishindo. Hata hivyo, mambo haya mawili yamekaa pamoja kwa muda mrefu. Bustani ya Tivoli mjini Copenhagen ilifunguliwa tarehe 15 Agosti 1843, na muziki, maua, taa za rangi na sehemu za kula zilikuwamo tangu mwanzo, bega kwa bega na michezo ya kuzungushwa. Katika bustani ya Prater mjini Vienna liko gurudumu kubwa lililojengwa mwaka 1897, lenye urefu wa karibu mita 65 kutoka ardhini. Lilikuwa na vibanda 30. Baada ya kuungua wakati wa Vita vya Pili vya Dunia vilirudishwa 15 tu, na hadi leo wawili wanaweza kukodi kimoja, wakaandaliwa meza na mishumaa ndani yake, wakala huku mji unashuka na kupanda dirishani. Kwa faragha, sijui meza inayoishinda hiyo, kwa sababu mtu hawezi kukutokea nyuma ya bega ukiwa angani.

Kuna pia migahawa ya ndani, ile inayojengewa usiku wa kudumu. Blue Bayou, uliofunguliwa mwaka 1967 katika Disneyland ya California, umo ndani ya jengo lile lile linalopitiwa na mashua za mchezo wa maharamia: nje kunaweza kuwa saa saba mchana jua likiwaka, ndani ni jioni ya taa hafifu kando ya maji, na mashua zilizojaa wageni hupita polepole karibu na wanaokula. San Angel Inn, katika bustani ya Epcot huko Florida iliyofunguliwa mwaka 1982, hutumia ujanja huo huo wa machweo yasiyokwisha na mashua zinazopita. Meza za kando ya maji ndizo zinazogombaniwa, nami nazipenda, ila anayeketi hapo akumbuke kwamba macho hayana pazia, na kila mashua ina watu wenye simu mikononi.

Giza hilo ndilo linalofanya picha za mezani ziwe ngumu kuliko watu wanavyodhani. Mwanga wa mshumaa ni mdogo mno kwa kamera. Mpiga picha akitaka kuupata kama macho yanavyouona, lazima aiache kamera ikusanye mwanga kwa muda mrefu zaidi, na katika muda huo mtu akicheka au akigeuka, sura yake inatoka na ukungu. Mwenye meza thelathini za kuzungukia hana nafasi hiyo. Anatumia flashi, na flashi hugonga vitu vya karibu kwanza: nyuso zinakuwa nyeupe, glasi inatoa mng’ao mkali, na kila kilicho nyuma yenu, taa, maji, mashua, kinamezwa na weusi. Mtu analipia meza kwa ajili ya mandhari, kisha anauziwa picha ambayo ingeweza kupigwa stoo.

Kuhusu kupanga chakula chenyewe nitasema machache, maana kila bustani ina utaratibu wake. Meza za jioni huwahi kujaa. Katika Walt Disney World, kundi la bustani za Florida ambamo Epcot imo, kwa mfano, nafasi hufunguliwa siku 60 kabla, na zenye kutazama fataki huchukuliwa na waliokuwa tayari na simu mkononi asubuhi hiyo. Mimi siku hizi sizifukuzii. Napendelea kula wakati ule ule ambapo gwaride la burudani au fataki zinaendelea nje, kwa sababu umati wote umekwenda kusimama barabarani na mgahawa wa ndani unakuwa na utulivu ambao saa moja kabla haukuwapo. Michezo ya kuzungushwa imalizwe kabla ya chakula, jambo ambalo halihitaji maelezo, na yule atakayepanda mashua za kurushiwa maji abebe fulana ya kubadilisha. Niliwahi kula vyakula vitatu vya mfululizo nikitetemeka ndani ya kiyoyozi, nguo imenigandama mgongoni, na sikumbuki hata kimoja kilikuwa na ladha gani.

Turudi kwa wapiga picha. Kwanza si wote wanaofanya kazi ya aina moja. Wa langoni humpiga kila anayeingia, kwa kuwa kupiga wote na kuuza kwa wachache ni rahisi kuliko kumchagua mnunuzi usoni. Aliyesimama mbele ya kasri, gurudumu au sanamu maarufu hasogei. Ni wewe unayemfuata, kwa hiyo huyo hamsumbui mtu. Kwenye treni za michezo zinazoporomoka hakuna mpiga picha kabisa: treni inapofika kwenye mteremko mkali hupita mbele ya kitambuzi, kamera inajifyatua yenyewe, na mnaposhuka nyuso zenu zinawasubiri kwenye skrini, ambazo kwa kawaida zimewekwa pale pale dukani kwa kutokea. Hapo kukataa hakuhitaji hata neno, unapita tu. Wa mezani ndiye mgumu, kwa sababu umeketi, mdomo umejaa, na mbele yako yuko mtu ambaye hutaki akuone ukiwa mkali.

Jambo la pili ni kwamba siku hizi picha nyingi hazichapwi hadi zinunuliwe. Mpiga picha anaskani kadi au bangili yako, au anakupa kikadi chenye msimbo, nawe unaziangalia baadaye kwenye simu. Walt Disney World walianza huduma yao ya namna hiyo mwaka 2004, na picha hukaa kwenye akaunti kwa siku 45 kabla ya kufutwa. Mfumo huu umeondoa shinikizo kubwa, kwani unaweza kuruhusu upigwe, ukalala, ukaamua kesho ukiwa na akili timamu. Tena huko, na katika bustani nyingine kadhaa, mpiga picha ukimwomba kwa heshima atakupiga kwa simu yako mwenyewe bila malipo. Wengi hawajui, au wanajua na wanaona haya kuomba. Nilikuwa katika kundi la pili.

Pale ambapo bado wanachapa na kuleta mezani, kila kitu kinategemea sekunde chache za mwanzo, kabla kamera haijainuliwa. Ukishatabasamu kwa ajili ya lenzi umekubali nusu ya biashara. Mimi nilijaribu njia kadhaa kabla ya kupata inayofaa. Kusema “tumeshapiga” hakusaidii, kwa sababu jibu lake liko tayari: hii itatoka nzuri zaidi. Kusema “baadaye kidogo” ni kubaya kuliko vyote, maana mtu huyo ana kumbukumbu ya ajabu, na atarejea wakati wa kitindamlo akiwa na uhakika kwamba mnamsubiri. Kumpuuza na kutazama pembeni ni utovu wa adabu, na flashi huwaka vilevile. Kilichofaa ni kumtazama usoni, mkono kifuani, na kusema sentensi moja iliyokamilika: “Asante sana kaka, usiku huu hatupigi picha mezani.” Hakuna sababu iliyotolewa, kwa hiyo hakuna sababu ya kubishaniwa. Bora zaidi ni kumweleza mhudumu anayewaonyesha meza, kwa sauti ya kawaida, kwamba mngependa msipigwe picha wakati wa kula. Yeye atajua la kufanya, nanyi hamtalazimika kukataa chochote.

Ikiwa picha imeshaletwa, ulizeni bei kabla ya kulifungua jalada. Mkiwa hamwitaki, ifungeni na kumrudishia mkononi kwa asante. Kuiacha mezani kunaweza kuleta mabishano wakati wa bili, nami hupitisha macho kwenye risiti kuhakikisha haikuingizwa humo. Mara nyingine utaambiwa kwamba usipoichukua itatupwa. Ni kweli, itatupwa, lakini picha si yatima tulioletewa tumlee. Na kama kinachokukera si bei bali ni kujua kwamba sura yako imebaki kwenye mashine ya watu, omba ifutwe. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni za ulinzi wa data zilizoanza kutumika Mei 2018 zinaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa taarifa zake binafsi, kwa hiyo ombi hilo si kituko. Kwingineko omba hivyo hivyo, kwa upole. Niliyoomba mimi ifutwe ilifutwa mbele ya macho yetu na mpiga picha akaenda zake bila kununa.

Mwaka uliofuata tulikwenda bustani nyingine, na safari hii tulipatana tukiwa bado chumbani: picha moja tu, kabla ya chakula, nje, jua likiwa linakaribia kuzama, na msemaji ni mimi. Mpiga picha tuliyemkuta karibu na ziwa alikuwa mama wa makamo. Nilimsalimu, nikampa simu yangu, nikamwomba. Hakupiga mara moja. Alimtaka mume wangu atoe simu iliyomvimbisha mfuko wa shati, akaiondoa chupa ya maji niliyokuwa nimeisahau miguuni, akatugeuza ili jua litupige shavuni badala ya machoni, kisha akapiga goti moja kwenye changarawe akiwa na sare yake safi. Alipiga tatu. Ya pili ndiyo niliyoihifadhi, kwa sababu alituambia ametusubirisha kwa makusudi hadi tuchoke kutabasamu. Baadaye alitupiga na kamera yake pia, na hiyo tuliinunua kwa hiari, bila yeyote kati yetu kumsoma mwenzake usoni.

Mgahawani nilimweleza mhudumu ombi letu tulipokuwa bado tumesimama. Aliitikia kwa kichwa tu. Katikati ya chakula mpiga picha mwingine aliingia, akazunguka meza za upande wa dirisha moja baada ya nyingine, flashi ikiwaka na watu wakisogeleana. Nilijikuta nimenyoosha mgongo. Alipofika meza jirani alitutupia jicho, akamtazama mhudumu aliyekuwa mlangoni, akatupita kama vile hatupo.

“Kumbe ni rahisi hivyo,” mume wangu alisema.

Mishumaa ilikuwa inawaka, nje fataki zilikuwa zimeanza kulia kwa mbali, na hakuna mtu aliyekuwa nyuma ya bega langu. Nilimwomba aimalizie ile sentensi ya mwaka uliopita. Alitafakari kwa muda mrefu, kijiko hewani, akakiri kwamba ameisahau kabisa, halafu akaniomba nimsogezee chumvi.