Alinyamaza Baada ya Upasuaji

Binti yangu alikuwa na miaka mitano alipotolewa uvimbe kwenye ubongo. Alitoka salama. Daktari bingwa alikuja kutupa habari akiwa bado amevaa kofia ya chumba cha upasuaji: uvimbe umetoka karibu wote, mtoto anapumua mwenyewe. Jioni ile, dawa ya usingizi ikiwa haijamtoka vizuri, aliomba maji. Nililala nikiamini kwamba lililo gumu limekwisha.

Kesho yake alinijibu kwa shida. Siku iliyofuata akanyamaza kabisa.

Haikuwa kama anaponuna. Nilimwita, akanitazama, midomo haikujongea. Nikamwuliza kama kichwa kinamuuma, hakutikisa hata kidole. Mikono ilikuwa imelegea; ukiuinua mmoja na kuuachia, unaanguka kitandani. Kumeza kulimshinda, akawekewa mpira puani wa kupitishia maziwa. Usiku kilimjia kilio chembamba, cha juu, kisichobembelezeka, ambacho mimi niliyemzaa sikuwahi kukisikia kwake. Watu nikiwaambia alipoteza usemi hudhani chumba kilikuwa kimya. Kilio kile kiliamsha wodi nzima.

Tulidhani amepatwa na kiharusi. Wakamrudisha kwenye MRI, mashine ya kupiga picha za ubongo, hakukuwa na damu iliyovujia ndani. Ndipo daktari akakaa nasi kutueleza. Uvimbe ulikuwa chini ya kisogo, kwenye serebela, sehemu ya ubongo inayoratibu mwendo na kuuweka mwili sawa. Ndiyo maana kabla ya kugundulika alikuwa anatapika asubuhi na kuyumba akitembea. Kumbe hata usemi unaitegemea sehemu hiyo, na njia za neva zinazotoka hapo kwenda mbele ya ubongo zinapita jirani kabisa na mahali uvimbe ulipokuwa. Zikiguswa, mtoto anaweza kunyamaza siku moja au mbili baada ya upasuaji, hata kama mkono wa daktari haukukosea popote. Kwa wenye uvimbe kama wake, aina ya saratani ya ubongo iitwayo meduloblastoma, hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya 4. Wengi huanza kusema tena baada ya wiki kadhaa au miezi, ingawa mara nyingi usemi haurudi ulivyokuwa.

Mmoja kati ya wanne! Jambo la kawaida kiasi hicho mzazi anapaswa kuambiwa kabla hajasaini fomu. Sina kinyongo na waliomtibu, walimwokoa mwanangu. Lakini zile saa za kudhani nimempoteza akiwa hai mbele yangu, maneno machache yangeweza kutuepusha nazo.

Daktari alitusisitizia jambo moja: tuendelee kuzungumza naye, kwa sababu anasikia, na kwa kadiri wanavyojua, anaelewa. Nililishika hilo. Nilimweleza kila kitu kabla ya kumgusa: sasa nakugeuza, sasa nesi anabadilisha bandeji ya kisogoni. Baba yake alimsimulia yaliyotokea nyumbani mchana kutwa. Ndugu mmoja alikuja kumwona, akasimama pembeni ya kitanda akasema, "Maskini, ndiyo kashakuwa wa hivi tena." Nilimshika mkono nikamtoa nje ukumbini, na nikamwambia asirudi mpaka awe tayari kumsalimia mtoto kwa jina lake.

Siku usemi ulipoanza kurudi, hatukuwa tunamfundisha chochote. Kaka yake, aliyekuwa darasa la pili, alikaa kitandani miguuni pake akipanga vibao vya kuchezea juu ya trei ya chakula. Alihesabu kwa sauti huku akili yake ikiwa dirishani. "Tatu, nne, tano, saba, nane..."

"Si-ta."

Ilitoka kwa pumzi, silabi mbili zilizoachana, kama mtu anayebeba kitu kizito na kukiweka chini njiani. Kaka yake akaacha kibao hewani. Mimi nilikuwa nakunja shuka. Binti yangu alikuwa anavitazama vile vibao kwa uso wa mtu aliyechoshwa na uzembe.

"Umesemaje?" kaka yake akauliza.

"Si-ta. Ume-ruka."

Nililia mpaka nesi akaja mbio akidhani kuna baya. Nilichokilia zaidi ni kwamba alikuwa anahesabu naye. Siku zote zile alizolala na midomo iliyofungika, alikuwepo, akifuatilia, akijua sita inakaa wapi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole sana. Aliburuta maneno, akakosa pumzi katikati ya sentensi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimfundisha upya kukaa bila mito, kisha kusimama ameshikwa kiunoni. Mkono ulitetemeka kila alipofuata kijiko, uji ukamwagika kifuani, naye akakataa katakata kulishwa. Tiba ya mionzi, ya kuua mabaki ya saratani, haikuweza kusubiri apone kabisa. Kwa meduloblastoma madaktari hupenda ianze ndani ya wiki chache baada ya upasuaji, kwa hiyo alikwenda akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Katika wiki ya kwanza ya mionzi, tukiwa tunasubiri zamu yetu, alinivuta mkono. "Mama. Ta-ka ku-ta-pika."

Nikapata muda wa kumletea beseni.