Mafuta ya mwarobaini sio ya kumnywesha mtoto

Jamani leo pale Kirumba, hapa Mwanza, nimeshuhudia kitu, mpaka sasa moyo unanienda mbio.

Nilifuata zangu mafuta ya mwarobaini, yale ya kukamua mbegu, huwa napaka miguuni kwa ajili ya fangasi. Yananuka kama kitunguu saumu ila muwasho unapungua kweli.

Pembeni kuna dada kabeba kichanga kina vipele shingoni, muuzaji anamwambia mpake halafu mnyweshe kijiko kimoja asafishe tumbo.

KIJIKO!! Na dada wa watu anaitikia kwa heshima kabisa, "sawa mama".

Nikamshika mkono, nikamwambia dada angu usithubutu, mtoto mdogo akimeza haya anatapika, anaweza kupata degedege na kupoteza fahamu, kuna watoto wamekufa. Hata sisi wakubwa ni ya kupaka tu, unachanganya na mafuta ya nazi, unajaribu kidogo mkononi unasubiri mpaka kesho yake, na mjamzito ayaache.

Akamkumbatia mwanae kwa nguvu. Nikamwelekeza kliniki na vile vipele.

Wenye vichanga Igoma, Buhongwa, Nyegezi, na nyie mmeshaambiwa hivi? Semeni hapa.