Nilivyobadilisha cheni na sproketi za Honda ya baba

Kona za juu ya Sigi, njia ya kwenda Amani, ndipo cheni iliponikatalia. Nilikuwa natoka Muheza kwa pikipiki, nimepakia mfuko wa saruji. Nikapiga gia ya kwanza kupanda, mara nikasikia ka-ka-ka chini ya mguu wa kushoto: injini inanguruma, tairi halisukumi. Cheni ilikuwa inaruka meno. Nilishusha mzigo nikausogeza mbele kidogo kidogo, nikarudi kuisukuma pikipiki hadi pa tambarare.

Kilichoniuma ni kwamba cheni ile haikuwa na muda. Pikipiki ni Honda CG125 aliyoniachia marehemu baba, na nilipoibadilishia cheni mara ya kwanza sikugusa sproketi, yale magurudumu mawili ya meno, mbele na nyuma, yanayozungukwa na cheni. Fundi aliniambia bado zina meno, nami niliona naokoa hela. Sasa naelewa kilichotokea. Cheni ikilika kwenye pini zake inarefuka, na meno ya sproketi yanalika kuifuata. Ukiweka cheni mpya juu ya meno hayo, pingili haziketi sawasawa. Mzigo wote unabebwa na meno machache, na cheni mpya inalika upesi kuliko ile uliyoitoa.

Nyumbani nilipima. Cheni yangu ni saizi 428, maana yake kutoka pini hadi pini ni nusu inchi. Pingili 20 za cheni mpya zikivutwa zinyooke zinatoa milimita 254, na ikifika 259 ni ya kutupa. Yangu ilisoma 262. Meno ya sproketi ya nyuma yalikuwa yamelala upande mmoja, yamechongoka kama pezi la papa. Ya mbele ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ni ndogo na kila jino lake linafanya kazi mara nyingi zaidi.

Nilinunua vyote vitatu: cheni na sproketi mbili. Spea za pikipiki za Kichina zilizotengenezwa kwa mfano wa CG zimejaa madukani, ila idadi ya meno hutofautiana, kwa hiyo nenda na namba zako. Zangu ni 15 mbele na 41 nyuma. Muuzaji alinishauri, "Mdogo wangu, weka 14 mbele, mlima utaupanda kirahisi." Ni kweli: kupunguza jino moja mbele ni karibu sawa na kuongeza matatu nyuma. Lakini mimi pia natembea lami kwenda Tanga, sikutaka injini ipige kelele njia nzima, na sproketi ikiwa ndogo cheni inakunjwa zaidi. Nikabaki na 15.

Kazi niliifanya uani. Kosa ambalo ningeweza kulifanya, jirani aliniwahi: usitoe cheni kuukuu kabla hujalegeza sproketi ya mbele. Cheni ikiwa bado imefungwa, weka gia, mtu akanyage breki ya nyuma, na bolti mbili ndogo zinazoshika kibati cha sproketi zinalegea bila shida. Nyuma ya kava la mbele nilikuta grisi na mchanga vimeshikana kama udongo wa kufinyangia. Nilivikwangua kwa bisibisi, nikaosha kwa mafuta ya taa.

Tairi la nyuma likatoka, nikafungua nati nne za sproketi baada ya kukunjua vibati vinavyozizuia. Hapo nikaona raba za ndani ya habu zimepasuka. Hizo ndizo zinazopokea mshtuko unapotia gia. Zinauzwa bei ndogo, nikabadilisha.

Cheni mpya ilikuwa ndefu. Nilihesabu pingili za ile kuukuu, nikasaga vichwa vya pini kwa tupa mahali pa kukata, nikaigonga pini itoke. Klipu ya kuungia niliitazama mara mbili: upande wake uliozibika lazima utangulie kule cheni inakoelekea. Ukigeuza, kitu kikiigusa njiani inaweza kuchomoka, na cheni ikikatika mwendoni inaweza kupasua hata ganda la injini.

Palipokula muda ni kunyoosha tairi. Alama za kurekebishia kwenye pikipiki ya umri huu sikuziamini. Nilichukua kijiti kirefu, nikapima kutoka katikati ya bolti inayoshika mkono wa nyuma (ule unaobeba tairi la nyuma) hadi katikati ya ekseli, kushoto kisha kulia. Alama zilidai ziko sawa; kijiti kilionyesha tofauti ya karibu milimita 4. Nikafuata kijiti.

Mwisho nilimwomba mama akalie siti. Uzito ukishuka, cheni inakaza, kwa hiyo ukiikaza pikipiki ikiwa tupu unaweza kuua beringi za injini bila kujua. Nilizungusha tairi polepole nikatafuta pale inapokaza zaidi, nikaacha mchezo, yaani ulegevu wa cheni, wa sentimita 2 na nusu juu na chini. Kisha nati ya ekseli, kotapini mpya ya kuizuia isifunguke, na oili nzito upande wa ndani wa cheni.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Amani na mfuko mwingine wa saruji. Kwenye zile kona nilizima redio ya simu ili nisikilize. Niliusikia mto na injini, chini ya mguu wa kushoto kimya. Baada ya kilomita 500 niliikaza kidogo, maana cheni mpya hulegea mwanzoni. Juzi nimepima tena pingili 20: milimita 255.