Kaburi la Judy

Tangu Jumapili neno la Mjomba limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Tulikuwa tumemaliza kula. Watoto wakataka tena habari za Judy, yule mbwa aliyezikwa hapa kwetu Nachingwea. Nikawasimulia: alizaliwa Shanghai mwaka 1936, akalelewa na mabaharia wa manowari za Waingereza. Mwaka 1942 Wajapani walipoizamisha manowari yao, walionusurika wakajikuta kisiwani bila maji ya kunywa, naye akafukua ufukweni mpaka maji matamu yakabubujika. Wakatekwa. Kambini Medan, kisiwani Sumatra, Frank Williams wa jeshi la anga akawa anagawana naye wali wake kiduchu, na Judy akaandikishwa mateka kama askari, namba 81A. Vita vilipokwisha alivishwa Nishani ya Dickin, ile Waingereza wanayowapa wanyama mashujaa wa vita.

Nikafika mwisho: Williams alivyokuja naye mwaka 1948 hapa kwenye mradi wa karanga wa Waingereza, Judy akafa Februari 1950, bwana wake akamzika na koti la jeshi, akamjengea kaburi la mawe. Hapo Mjomba akaweka kikombe chini.

"Mpwa wangu, kaburi la mbwa unalijua. La baba yangu liko wapi?"

Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana inaniuma. Wala hachukii mbwa. Wake aliyekuwa akimfukuzia nguruwe pori alimzika mwenyewe chini ya mwembe. Lakini Babu aling'oa visiki kwenye mradi huohuo, akafa Mjomba akiwa bado ananyonya. Kibao cha kaburi kikaliwa na mchwa, shamba likapandwa mikorosho. Nilichoweza kujibu ni "Sijui, Mjomba," macho yangu yako kwenye sahani.

Juma hili tumemwozesha mdogo wangu kule Masasi na barua yangu ya uhamisho imetoka, lakini hata ngoma zikilia nilikuwa nasikia: la baba yangu liko wapi? Miaka yote hii namsimulia Judy kwa machozi, na Babu sijamsimulia hata mara moja.

Jana alfajiri simu ikaita. Mjomba. Nikaogopa kuna msiba.

"Hivi yule mbwa, meli ilipozama, alitokaje?"

Moyo wangu ulifunguka! Nikamweleza bila kupumua: Juni 26, 1944, mateka wamefungiwa ndani ya meli ya Wajapani, nyambizi ya Waingereza wenyewe ikaipiga bila kujua mna wenzao. Williams akamsukuma Judy kwenye kidirisha, akaangukia baharini. Watu walimwona akiogelea katikati ya waliokuwa wakizama, anawasogezea mbao, wengine wamemshika mgongoni.

Kimya. Kisha nikasikia akivuta pumzi.

"Alikuwa na utu yule."

Halafu, kama mtu anayekumbuka alikosahau jembe, akaniambia kuna mkwaju shamba la chini ambao Bibi hakuupita bila kuvua kandambili. Yeye alidhani ni matope. Jumamosi tutakwenda wote wawili, na panga la kufyekea.

Naandika haya usiku wa manane. Kitinda mimba amekohoa tangu magharibi, na dawa kwenye chupa haifiki kijiko kimoja.